Kadi Yenye Alama Tatu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 17,
saa nne asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wapwa zangu wawili. Natumaini kikohozi cha kitinda mimba kimekwisha, na kwamba mgongo wako haukusumbui tena baada ya zile zamu ndefu za wodini. Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha kuridhisha. Wifi yako anasahihisha mitihani, na meza ya chakula haijaonekana kwa wiki nzima kutokana na wingi wa karatasi. Magoti yanamsumbua shangazi, ila ulimi wake ni mzima kabisa. Jana alimwambia fundi bomba kwamba tangu alitengeneze bomba letu, linavuja vizuri zaidi.

Nimeanza kwa salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na pia kwa sababu nilitaka kuyaahirisha kidogo yanayofuata. Naogopa, mdogo wangu. Nitakueleza mambo kwa mfuatano yalivyotokea, bila kupunguza na bila kuongeza chumvi, ili ukifika mwisho uamue ukiwa na kila nilicho nacho mimi.

Barua hii inaletwa na fundi miwani, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye anakuja huko kumwona binti yake. Hajui kilichomo. Sikukupigia simu, na ukisoma utaelewa kwa nini. Nimesubiri siku nyingi kupata mkono wa kuaminika, na kila siku niliyosubiri nimeihesabu.

Unakifahamu chama chetu cha Jumamosi, ambacho hukuacha kukicheka kila ulipotutembelea. Ni watu wanne wenye akili timamu: Fundi Redio, ambaye tunakutana katika chumba cha nyuma cha karakana yake, Kinyozi, Mfamasia, mwanamke pekee kati yetu, na mimi, mkutubi. Tunasikiliza nyimbo za roki ambazo dunia imezisahau, au haikupata kuzijua: bendi iliyorekodi sahani moja tu ya santuri kisha ikagombana na kuvunjika, wanafunzi wa chuo cha ufundi waliokodi studio kwa nusu siku, wapiga gitaa waliotajwa kwa jina la utani au hawakutajwa kabisa. Mmoja analeta wimbo, anaficha jalada, na wengine watatu wanakisia mpigaji kwa sikio peke yake.

Kanuni za mchezo nilizitunga mimi, na hapo ndipo lilipo kosa langu. Niliona kwamba mtu akiruhusiwa kutaja jina moja kwa moja, hubahatisha, halafu akipatia hujidai alijua. Kwa hiyo niliamuru kila msikilizaji aandike kwanza kwenye kadi alama tatu alizozisikia, yaani mambo matatu ambayo mkono ule unayafanya na mkono mwingine hauyafanyi. Jina hufuata mwisho. Kadi zote hutunzwa kwenye mkebe wa biskuti juu ya rafu. Kwa miaka kumi na mmoja sijapata kuandika "sijui" mahali pa jina. Kinyozi aliniita Mashine, na jina likanata. Nakiri kwamba nililipenda.

Jumamosi ya tarehe 2 Kinyozi alikuja na mgeni, mteja wake mpya: bwana mmoja mtaratibu aliyevaa tai, kiatu kimeng'aa, anayesema "samahani" kabla ya kila swali. Alisema naye ni mpenzi wa roki. Alikuwa na kanda mfukoni. Hatukumwuliza aliitoa wapi. Watu wenye ugonjwa kama wetu hawaulizani maswali ya namna hiyo, wanafurahi tu kupata mgonjwa mwenzao.

Fundi Redio aliiweka kanda kwenye mashine. Gitaa la umeme likaanza peke yake, bila ngoma, na mimi nikaanza kuandika kama kawaida, macho nimeyafumba nusu. Alama ya kwanza: mkono unaposhuka, nyuzi nyembamba hulia kabla ya zile nene, basi mpigaji anatumia mkono wa kushoto na amepindua gitaa la mtu wa mkono wa kulia bila kubadilisha nyuzi. Alama ya pili: kidole cha pete cha mkono unaobana nyuzi hakifanyi kazi, anaruka kutoka kidole cha kati hadi kidole kidogo, na pengo linasikika. Alama ya tatu: mwisho wa kila fungu anaharakisha kisha anasita, kama cherehani inayofika mwisho wa mshono.

Nilipoandika neno cherehani, kalamu ilisimama.

Sina haja ya kukueleza ni nyumba gani ilikuwa na cherehani, ni nani alijifunza gitaa akiwa amekaa sakafuni pembeni yake, wala gitaa lililopinduliwa lilikuwa la nani. Sina haja pia ya kukukumbusha mlango wa chuma wa stoo na kidole kilichobanwa. Niliyaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Nilikuwa nimeichora sura ya mtu kwa wino, kwa mwandiko wangu safi, mbele ya mgeni, kabla sijatambua ninamchora nani.

Kisha mwimbaji akaingia. Ni mwanamume, na sauti yake imegeuzwa kwa mitambo. Anaimba juu ya ghala la kiwanda cha hapo mjini kwenu, lile lililoungua mwaka jana na watu tisa ndani. Anasema mlango wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo kutoka nje. Kampuni, kama unavyojua, iliapa mbele ya tume kwamba mlango ulikuwa wazi. Nilijiuliza, bila kutaka kujiuliza, ni nani angeweza kujua habari za mnyororo. Walionusurika. Na walioosha vidonda vyao.

"Haya, Mashine," Fundi Redio akasema, "tupe jina tukanywe chai."

"Sijui," nikasema.

Wakanitazama wote. Kinyozi akapiga makofi: "Jamani, leo Mashine imekatikiwa umeme!" Mfamasia akacheka, akasema lazima waiandike siku hiyo ukutani. Mgeni hakucheka. Aliinama, akaichukua kadi yangu, akaisoma polepole kutoka juu hadi chini.

"Samahani, mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu. "Hujui, au hutaki?"

"Sijui."

"Umejua mkono, umejua kidole, umejua hadi cherehani. Jina tu ndilo limekushinda?"

Akaiweka kadi katika mfuko wa ndani wa koti, kwa uangalifu kama mtu anayeweka cheti cha kuzaliwa. Fundi Redio akamwambia kadi zetu hazitoki nje ya chumba. Bwana yule akaomba samahani, akasema atairudisha. Hajairudisha.

Jumatano yake nilikwenda kunyolewa. Kinyozi ni mtu mwema na mdomo wake hauna mlango. Alinieleza, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba yule mteja wake ni mtu wa idara ya usalama ya kampuni yenye kile kiwanda, na kwamba amekuwa akitafuta kwa miezi mitatu watu wa ule wimbo. Mwenye duka aliyenakili kanda na kuzisambaza alikutwa nyuma ya duka lake amevunjwa mikono yote miwili. Hakutaja mtu, kwa sababu hakumjua hata mmoja. Kanda aliipokea ndani ya bahasha. Kinyozi alinisimulia hayo kama habari ya kusikitisha ya mji wa mbali.

"Halafu anakupenda wewe," akaongeza. "Amekuulizia sana. Una ndugu wangapi, mmelelewa wapi, kama kwenu kulikuwa na fundi cherehani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mama yako marehemu alikuwa fundi hodari, mtaa mzima ulivaa mikono yake. Kwani kuna ubaya gani, bwana? Tulia, nitakukata."

Nilihisi tone la jasho likishuka mgongoni chini ya kile kitambaa cheupe, na nikabaki nimetulia kama alivyoniomba.

Tangu siku hiyo siiamini simu, na nimekuwa nikifikiri, na nikueleze nilivyofikiri, maana huenda ukaona tundu nisiloliona. Kadi ile ina nguvu kwa sababu moja tu: aliyeiandika hakosei. Kutaja jina la uongo nisingeweza. Jina lolote ambalo ningelitaja lina mikono miwili inayoweza kuvunjwa. Kuikana kadi nilijaribu. Jumamosi iliyofuata nilisema mbele ya wote kwamba alama zile hazifai, kwa kuwa mashine iliyopiga kanda ilikuwa inayumba. Fundi Redio aliruka kama aliyechomwa sindano: "Mashine zangu haziyumbi! Labda iyumbe hiyo Mashine nyingine!" Watu walicheka, nami nikapata jibu nililokuwa nikilitafuta.

Nikaanza kukosea.

Si kazi nyepesi, mdogo wangu. Mtu asiyejua hukosea ovyo ovyo, na makosa yake hayana umbo. Mtu anayejifanya hukosea kwa mpango, na mpango husikika. Nililazimika kusikiliza kwa makini kuliko nilivyopata kusikiliza maishani, kuitambua kila bendi, kisha kujiuliza mzee ambaye sikio lake linakufa angekosea wapi. Nilianza na sauti za juu, kwa sababu hizo ndizo humtoka mtu kwanza. Nikaacha kusikia matoazi. Nikamchanganya mpiga besi na ndugu yake. Nikaomba wimbo urudiwe, jambo ambalo sijawahi kuliomba, na uliporudiwa nikabadilisha jibu lililokuwa sahihi nikaweka lililo kinyume. Bwana wa tai alikaa karibu na mlango, hakukisia chochote, alinitazama tu.

Jana Fundi Redio aliweka sahani ambayo niliileta mimi mwenyewe miaka minane iliyopita. Wote tunaijua, ni ile ya wanafunzi wa ufundi, ambayo mpiga ngoma wake anaangusha fimbo katikati ya wimbo na kuendelea kwa mkono mmoja. Waliiweka kwa kunihurumia, ili nipate moja. Fimbo ilianguka, nikaisikia ikigonga sakafu ya studio kama ilivyogonga siku zote, nami nikaandika bendi nyingine.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kinyozi aliangalia viatu vyake. Mfamasia alinifuata hadi ngazini, akaniambia kwa sauti ya wodini, ile ambayo wewe pia unayo, kwamba nisione haya, masikio ni kiungo kama viungo vingine, na kwamba ana dawa ya matone na anamfahamu daktari mzuri. Nilimshukuru. Fundi Redio alinishauri nipumzike kwa muda. Kiti changu kitakuwepo, alisema, nikitaka kuja kusikiliza tu. Nimewadanganya watu watatu wanaonipenda, na wameamini kwa sababu wananipenda.

Lakini bwana wa tai hakuamini, au hajaamini bado. Alikuwa ananingoja chini, penye mlango wa mtaani. Akatoa kadi yangu, akaitazama, akaitazama sura yangu, akairudisha mfukoni. Kisha akanipa kadi nyingine, ya mwaliko, iliyopigwa chapa vizuri.

Huenda umeshaliona tangazo lake hapo kwenu. Kampuni inaandaa shindano la wapiga gitaa wa mji mzima, Ijumaa hii, katika ukumbi wa kiwanda, na zawadi ni gitaa jipya la umeme. Waamuzi watakaa nyuma ya pazia ili wasimpendelee mtu. Hivyo ndivyo tangazo linavyosema. Mwamuzi mmoja ni mimi.

"Sikio langu limekwisha," nilimwambia. "Waulize wenzangu."

"Nimewauliza, wamenieleza, pole sana," akajibu. "Lakini samahani, mwalimu, huenda likaamka. Hawa hutawasikia kwenye kanda, watakuwa hatua tatu tu kutoka ulipo. Gari litakufuata Alhamisi mchana."

Nilitafuta sababu ya kukataa, na kila sababu niliyoipata ilikuwa ni ungamo. Ukiri wa namna hiyo angeuweka mfukoni pamoja na kadi. Nilikubali. Nikapanda ngazi, nikamkuta shangazi anagombana na bomba, nikakaa jikoni bila kuvua koti mpaka wifi yako akaniuliza kama kuna mtu amekufa.

Sasa sikiliza, maana haya ndiyo niliyokuandikia.

Sikuulizi kama ni wewe. Usiniambie. Nisichoambiwa hakiwezi kutolewa kinywani mwangu, na kwa mambo ya mwili sijui mimi ni jasiri kiasi gani, sijawahi kupimwa. Kama si wewe, basi kaka yako amekuandikia kurasa za upuuzi, na sijapata kuutamani upuuzi wangu kama ninavyoutamani leo.

Usiende kwenye shindano hilo. Najua wenzako wa wodini watakuhimiza, na najua shemeji anavyojivunia kukusikia ukipiga. Mweleze kwa namna utakayoona inafaa. Pokea zamu ya Ijumaa ya mtu mwingine, zamu ya kawaida, iliyoandikwa kwenye ubao pamoja na za wengine. Usisafiri ghafla na usiugue ghafla. Gitaa usiliuze, usimpe mtu, usilifiche. Kitu kilichokuwepo jana na leo hakipo huulizwa maswali, na nyumba yako ina watoto wanaojibu ukweli.

Huenda nimechelewa. Huenda jina lako limeshapelekwa kwenye orodha na mtu aliyedhani anakufanyia wema. Kama ndivyo, nenda. Usifunge kidole bandeji, kwa sababu bandeji itakuwa jibu kabla hujagusa nyuzi. Usijaribu kupiga kwa namna nyingine. Nimesikiliza wapiga gitaa maisha yangu yote, na nakuapia kwamba mkono unaojificha ndio mkono wa kwanza kusikika. Usiharakishe kwa woga na usipunguze mwendo kwa hadhari. Piga wimbo ulioupiga mara nyingi mbele za watu, upige jinsi unavyopiga, uinuke, uondoke.

Watakuwepo wengine nyuma ya pazia, sijui wangapi, na kadi yangu itakuwa mezani mbele yetu. Nitakuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nitausikia mkono unaposhuka, nitalisikia pengo la kidole, nitasikia ule mshono unapofika mwisho. Wataniuliza, nao watakuwa wananitazama usoni wakati wa kuuliza. Tangu jana nafanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, nikimsikiliza mtu nimpendaye kichwani mwangu na kuuacha uso wangu bila chochote. Asubuhi hii nimeweza mara mbili kati ya tano. Zimebaki siku tano.

Ukisikia sauti yangu kutoka upande ule wa pazia ikisema simfahamu mpigaji huyu, na kwamba mkono wake ni wa kawaida, tena dhaifu kidogo, usiumie. Nitasema kwa sauti ya kutosha ili unisikie na wewe.

Nisalimie shemeji, umwambie ile redio yake ndogo bado ninayo na inafanya kazi. Wabusu wapwa zangu, kifungua mimba kwenye paji la uso kwa kuwa sasa anajiona mkubwa, na kitinda mimba popote atakapokubali. Wifi yako anakusalimu. Nimemweleza yote asubuhi hii, hakulia, alisogeza mitihani akanipisha meza niandike. Shangazi anasema ule vizuri. Hajui lolote, ila ameuliza mara mbili kwa nini nakuandikia barua ndefu hivi.

Mungu aiweke mikono yako mahali pa salama, yote miwili, na kila kidole.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye bila kukisia.